Cecil Rhodes na Reli Isiyofika Kairo

Nkambo wangu, baba mzazi wa mama yangu, alifanya kazi ya reli mpaka siku ya kustaafu. Nilipokuwa mtoto alikuwa akinichukua siku ya Jumapili twende ku gare, kama tunavyosema hapa Lubumbashi, na kunionyesha reli zinavyoondoka stesheni kuelekea pande mbili. Upande huu, aliniambia, njia inafika baharini, Cape Town. Upande ule inakwenda mpaka Kairo, kwa Wamisri. Nilimwamini. Nilipokuwa darasa la tano niliiandika habari hiyo katika insha ya jiografia, na mwalimu akaipiga mstari mwekundu kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilirudi nyumbani nikilia. Nkambo hakumlaumu mwalimu. Alinieleza tu kwamba na yeye aliambiwa hivyo wiki yake ya kwanza kazini, na waliomwambia walikuwa wameambiwa na waliowatangulia. Reli ya Kairo ilikuwa imekwisha kufa kabla yeye hajazaliwa, lakini habari zake zilikuwa bado zinasafiri.

Mwaka huu, nikikusanya maneno ya kazi kutoka kwa wazee waliostaafu katika reli kwa ajili ya tasnifu yangu, nimeisikia tena habari ile ile, kwa sauti nyingine na katika nyumba nyingine, kuanzia Kamalondo mpaka Katuba. Ndipo nikataka kujua maisha ya mtu aliyeipa nguvu, Cecil John Rhodes, ambaye hakuwahi kukanyaga ardhi ya Katanga. Nilipowaeleza wenzangu wa idara kwamba nitaandika juu yake katika jarida letu, wawili walikasirika. Waliniuliza kwa nini nimpe kurasa mkoloni wakati mfalme Msiri bado anasubiri mwandishi. Swali lao ni zuri, na ninaomba wasomaji waniruhusu nilijibu baada ya kuyasimulia maisha yenyewe.

Rhodes alizaliwa tarehe 5 Julai 1853 katika mji mdogo wa Bishop's Stortford, Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi wa kanisa la Anglikana mwenye watoto wengi. Kijana alikuwa na afya dhaifu, na mwaka 1870, akiwa na miaka 17, alipandishwa meli kwenda Natal, kusini mwa Afrika, ambako kaka yake Herbert alikuwa akijaribu kulima pamba. Pamba haikuwatajirisha. Mwaka uliofuata ndugu hao wawili walikuwa Kimberley, mahali ambapo almasi ilikuwa imegunduliwa, na ambapo maelfu ya watu walikuwa wakichimba shimo moja kubwa, kila mmoja katika kipande chake kidogo.

Hapo tabia yake ilianza kuonekana. Wengi walikuwa wakitafuta jiwe moja la bahati. Rhodes alitafuta kile ambacho kila mchimbaji angelazimika kukilipia. Mashimo yalipojaa maji, alikodisha mashine za kuvuta maji. Faida ilipopatikana, alinunua vipande vya waliochoka, kimoja baada ya kingine. Wakati huo huo alikuwa akienda na kurudi Uingereza kusoma Oxford, katika chuo cha Oriel, na alipata shahada yake mwaka 1881 akiwa tayari ni tajiri na mbunge wa Koloni la Rasi. Kampuni yake ya De Beers ilianzishwa mwaka 1880. Mwaka 1888 iliungana na nyingine kuwa De Beers Consolidated Mines, na mwaka uliofuata mshindani wake mkubwa, kampuni iliyotawaliwa na Barney Barnato, ilinunuliwa kwa hundi moja ya pauni 5,338,650. Tangu hapo sehemu kubwa kabisa ya almasi ya dunia ilipita mikononi mwa watu wachache, na Rhodes alikuwa mkubwa wao.

Almasi hizo zilichimbwa na wanaume Waafrika waliotoka mbali. Kuanzia miaka ya 1880 waliwekwa katika kambi zilizofungwa kwa uzio, wasiruhusiwe kutoka mpaka mkataba uishe, na walipekuliwa miili yao kabla ya kuondoka ili wasiibe jiwe. Msomaji wa Lubumbashi ambaye wazee wake walikaa katika kambi za wafanyakazi atalielewa jambo hili bila kuelezwa sana. Kambi zetu hazikuwa sawa na zile za Kimberley, lakini wazo la kwamba kampuni inaweza kumiliki pia mahali mfanyakazi anapolala lilikuja kaskazini pamoja na reli.

Utajiri kwake ulikuwa chombo cha kazi nyingine. Tangu ujana wake Rhodes aliamini kwamba Waingereza ni taifa lililo bora kuliko mengine, na kwamba kadiri wanavyotwaa nchi nyingi ndivyo dunia inavyofaidika. Hakuificha imani hiyo, na hakuna sababu ya sisi kumfichia. Mwaka 1890 alikuwa waziri mkuu wa Koloni la Rasi. Mwaka 1894 alipitisha sheria ya Glen Grey, ambayo pamoja na mambo mengine iliwatoza wanaume Waafrika kodi ya shilingi 10 kama hawakufanya kazi nje ya eneo lao kwa miezi mitatu katika mwaka. Alitaka ardhi, na alitaka watu wa kuifanyia kazi.

Sehemu ya maisha yake inayopaswa kusomwa na kila mwanafunzi wa isimu ni mkataba wa Rudd. Mwezi wa Oktoba 1888, wajumbe wa Rhodes wakiongozwa na Charles Rudd walimfikia Lobengula, mfalme wa Wandebele, huko Bulawayo. Walimwahidi bunduki 1,000, risasi 100,000, pauni 100 kila mwezi na boti yenye mizinga katika Mto Zambezi. Badala yake walitaka haki ya kuchimba madini yote ya ufalme wake. Mfalme hakusoma Kiingereza. Mmisionari Charles Helm ndiye aliyefasiri. Kwa mdomo wajumbe walimhakikishia mfalme kwamba hawangeleta watu weupe zaidi ya kumi kuchimba, na kwamba wachimbaji hao wangetii sheria za nchi. Maneno hayo hayakuandikwa. Karatasi iliyotiwa alama ya mfalme ilisema jambo moja, na masikio yake yalikuwa yamesikia jambo jingine. Lobengula alipotambua, alituma wazee wawili mpaka London, kisha mwaka 1889 akamwandikia malkia wa Uingereza akiukana mkataba. Haikusaidia. Oktoba mwaka huo huo malkia aliipa kampuni ya Rhodes, British South Africa Company, hati ya kuitawala nchi. Mwaka 1890 msafara wa kampuni ulipandisha bendera huko Salisbury, mji unaoitwa Harare leo. Mwaka 1893 Bulawayo ilitekwa, na mfalme alikufa akikimbia. Muda si mrefu nchi nzima ikapewa jina la Rhodes.

Sasa tuifikie reli. Rhodes hakuwa wa kwanza kufikiria njia ya kutoka Rasi mpaka Kairo. Mhariri Edwin Arnold wa London alikuwa ameizungumzia mwaka 1876. Lakini Rhodes alikuwa na fedha, bunge na kampuni yenye jeshi, kwa hiyo jambo lililokuwa maneno ya gazeti likawa mpango. Desemba 1892 jarida la vikatuni la London, Punch, lilimchora akiwa jitu lililosimama juu ya bara zima, mguu mmoja Rasi na mguu mwingine Kairo, mikono imenyooshwa ikishika waya wa simu, kichwa mawinguni. Mchoro huo umesambaa sana katika vitabu vya shule. Kila ninapoutazama natafuta Katanga iko wapi. Iko katikati kabisa, chini ya mwili wake, mahali ambapo mchoraji hakuweka chochote.

Katika hali halisi reli haikujengwa na jitu. Ilifika Kimberley mwaka 1885, Vryburg mwaka 1890, Mafeking mwaka 1894 na Bulawayo Novemba 1897. Upana wake ulikuwa milimita 1,067, mwembamba kuliko reli za Ulaya, kwa sababu njia nyembamba ni rahisi kupinda milimani na gharama yake ni ndogo. Kipande cha Bulawayo kilijengwa mbio mbio kwa sababu mwaka 1896 sotoka ilikuwa imeua ng'ombe wa kusini mwa Afrika, na bila maksai hakukuwa na mikokoteni ya kupeleka chakula wala silaha. Kila kipande kilihitaji mtu wa kukilipia, na aliyelipa alitaka kujua kuna nini mwisho wa njia. Kimberley ilikuwa na almasi. Bulawayo ilitarajiwa kuwa na dhahabu. Makaa ya mawe yalipopatikana Wankie, wahandisi waliacha njia waliyokuwa wameikusudia wakapindisha reli ipite huko. Kwenye ramani ya London mstari ulinyooka kuelekea Kairo. Ardhini reli ilikwenda kutoka shimo hadi shimo.

Rhodes alijua kwamba Katanga ina shaba. Wazee wetu walikuwa wakiichimba na kuiyeyusha kwa karne nyingi, na misalaba yao ya shaba ilitumika kama fedha mbali sana na hapa. Mwishoni mwa karne ya 19 mtawala mkubwa wa nchi hii alikuwa Msiri, mtu aliyetoka Unyamwezi, ambaye mji wake mkuu ulikuwa Bunkeya. Mwaka 1890 Rhodes alituma watu wawili kwake kwa njia mbili tofauti. Joseph Thomson alikwamishwa na ugonjwa wa ndui uliokuwa njiani akarudi. Alfred Sharpe alifika Bunkeya mwezi wa Novemba, akaweka mkataba mbele ya mfalme, na Msiri akaukataa. Mwaka mmoja baadaye ulifika msafara mwingine, ulioongozwa na William Stairs kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Msiri alikataa tena. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa kwa risasi, na Katanga ikawa sehemu ya Dola Huru ya Kongo. Msiri alikufa kwa kukataa, lakini mpango wa Rhodes ulikuwa umepotewa na kipande ambacho hakikuweza kurudishwa.

Baada ya hapo Rhodes alijaribu kuzunguka. Mwezi wa Mei 1894 Uingereza na Leopold walikubaliana kwamba Waingereza wangekodishwa ukanda mwembamba wa ardhi kando ya maziwa, kutoka Tanganyika kwenda kaskazini. Ujerumani, iliyokuwa na koloni lake upande wa mashariki, ilipinga, na kifungu hicho kikafutwa. Kisha akajikwaa mwenyewe. Mwishoni mwa Desemba 1895 rafiki yake Jameson alivamia nchi ya Makaburu ya Transvaal akiwa na wapanda farasi wapatao 500, kwa njama ambayo Rhodes aliijua na kuigharamia. Baada ya siku chache wote walikuwa mateka. Rhodes alilazimika kujiuzulu uwaziri mkuu. Kabla miezi mitatu haijatimia, Wandebele, kisha Washona, waliinuka dhidi ya kampuni iliyowanyang'anya ardhi na ng'ombe na kuwatoza kodi ya nyumba. Mwezi wa Agosti 1896 alikwenda katika milima ya Matopo na wenzake wachache ili kuzungumza na wakuu wa Wandebele. Wanaompenda husimulia siku hiyo kama ushahidi wa ushujaa wake. Mimi naikumbuka zaidi kwa jambo jingine. Mtu aliyeipa nchi jina lake hakuweza kuzungumza na wenye nchi mpaka awepo mkalimani.

Mwaka 1899 alikwenda Ulaya kubisha hodi mwenyewe. Mjini Berlin mfalme wa Ujerumani alimkubalia kupitisha waya wa simu katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kwa Leopold, mjini Brussels, hakupata alichotaka. Mwaka huo huo vita vya Waingereza na Makaburu vilianza, na Rhodes alizingirwa ndani ya Kimberley, mji wa almasi zake, kwa miezi minne. Moyo wake ulikuwa umechoka tangu zamani. Alikufa tarehe 26 Machi 1902 huko Muizenberg, karibu na Cape Town, akiwa na miaka 48, bila mke wala mtoto. Mali yake aliiachia hasa mfuko wa kuwasomesha vijana Oxford. Jeneza lilisafirishwa kwa treni mpaka Bulawayo, kisha likapandishwa Matopo kwenye jabali alilolichagua, mahali ambapo wenyeji waliamini ni makazi ya mizimu. Kati ya safari zote za reli yake, hiyo ndiyo iliyofika mahali alipopanga yeye mwenyewe.

Reli iliendelea bila yeye. Mwaka 1904 ilifika kwenye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, ambayo hakuwahi kuyaona kwa macho yake. Inajulikana kwamba alitaka daraja lijengwe karibu sana na maporomoko ili manyunyu yalowanishe mabehewa. Likajengwa hivyo, likafunguliwa mwaka 1905, zaidi ya mita 120 juu ya maji. Treni inapopita pale abiria huona hewa tupu pande zote mbili. Nadhani hapo ndipo mahali pekee ambapo reli ya ardhini ilikaribia ile iliyokuwa kichwani mwake. Mwaka 1906 ilifika Broken Hill, yaani Kabwe ya leo, penye risasi na zinki, ikasimama kwa sababu fedha ziliisha na mbele palikuwa na pori.

Aliyeisukuma mpaka kwetu alikuwa Robert Williams, Mskoti rafiki wa Rhodes. Kampuni yake, Tanganyika Concessions, ilipata kibali cha kutafuta madini Katanga kutoka kwa upande wa Leopold, na mwaka 1906 ilishiriki katika kuzaliwa kwa Union Minière du Haut-Katanga. Ile shaba ambayo Msiri alimnyima Sharpe sasa ilihitaji njia ya kutokea. Desemba 1909 reli iligusa mpaka karibu na Sakania. Septemba 1910 treni ya kwanza iliingia katika mji mpya uliokuwa ukipimwa kwenye ardhi ya Walamba, ukiitwa Élisabethville kwa jina la malkia wa Ubelgiji. Juni 1911 shaba ya kwanza ilimiminwa kwenye tanuri la Lubumbashi. Koki ya tanuri ilitoka Wankie, na shaba ilitoka kwa reli hiyo hiyo kwenda bandari ya Beira. Mwaka 1918 njia ilifika Bukama kwenye Mto Lualaba, mahali ambapo mizigo ingeweza kupandishwa boti.

Hapo ndipo mpango wa Kairo ulipoishia, na sababu yake si ile tunayoambiwa mara nyingi. Tunaambiwa kwamba Wajerumani waliziba njia. Ni kweli waliiziba, lakini baada ya Vita Kuu ya Kwanza Tanganyika ilikabidhiwa Waingereza, na kwa mara ya kwanza mtu angeweza kuchora mstari kutoka Rasi mpaka Misri bila kutoka katika nchi zilizo mikononi mwao. Kizuizi kilikuwa kimeondoka, na bado hakuna aliyejenga. Upande wa kaskazini, reli ya Kitchener ilikuwa imefika Khartoum tangu Desemba 1899, yenye upana ule ule wa milimita 1,067, kama mkono ulionyooshwa kusubiri mkono mwingine. Katikati hakukuwa na mzigo wa kulipia njia. Wabelgiji walitaka shaba ipite katika nchi zao wenyewe, na mwaka 1928 reli yao ilifika Mto Kasai huko Ilebo. Williams alitaka bahari iliyo karibu zaidi, akajenga reli ya Benguela kupitia Angola, iliyounganishwa na ya Katanga mwaka 1931. Mwaka 1956 kipande cha Kamina hadi Kabalo kiliiunganisha njia yetu na ile ya Kalemie, kwa hiyo reli kutoka Rasi ilifika Ziwa Tanganyika, na dunia haikushangilia. Shaba ilikuwa na njia zake. Kairo haikuwa na shimo.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya mimi, mwanafunzi wa lugha za Kiafrika, nimfuate mtu huyu. Reli ikitoka kusini ilileta lugha zake. Wafanyakazi wa kwanza wa migodi yetu wengi waliandikishwa Rhodesia ya Kaskazini na kampuni ya Williams. Walisema Kibemba na lugha nyingine za huko, na kwa mabwana walitumia ile lugha fupi ya amri iliyozaliwa kusini, ambayo hapa iliitwa Kikabanga. Katika miaka ile ya mwanzo Élisabethville ilikuwa na Waingereza wengi, na hata pauni zao zilipokewa madukani. Kama mpango wa Rhodes ungekamilika kama alivyoutaka, nadhani ninyi na mimi tungekuwa tunasoma makala hii kwa lugha nyingine.

Haikuwa hivyo. Wabelgiji waliogopa kwamba Katanga ingemezwa na kusini. Katika miaka ya 1920 waliandikisha watu kutoka Lomami, Kasai na Ruanda-Urundi, na watawala na wamisionari wakakishika Kiswahili kama lugha ya kazi na shule. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986 juu ya lugha na mamlaka ya kikoloni, ameonyesha jinsi uamuzi huo ulivyokuwa wa kisiasa. Lakini lazima tuseme pia kwamba Kiswahili hakikungoja Wabelgiji. Kilikuwa kimesikika Bunkeya katika enzi ya Msiri, kwa wafanyabiashara wa misafara. Hata msafara wa Stairs ulioondoka pwani ya mashariki ulikuwa na wapagazi wanaokisema. Na juu ya yote, Kiswahili tunachokisema mitaani hakikutengenezwa na mkoloni yeyote. Watu wa kambini, Waluba, Walamba, Wabemba na wengine, walikitia lugha zao za nyumbani. Ndiyo maana tunasema katoto na tutoto pale ambapo mtu wa Unguja husema kitoto na vitoto. Ndiyo maana boyi wa Kiingereza na kapita aliyetoka kwa Wareno wanakaa katika sentensi moja bila kugombana. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili hicho historia ya mji huu kama walivyoiona watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Mkataba wa Rudd uliandikwa kwa lugha ambayo Lobengula hakuisoma. Kazi ya Yav iliandikwa kwa lugha ambayo mabwana wengi waliizungumza kwa amri tu.

Nilipoanza utafiti nilikuwa na hoja tayari, na nakiri ilinipendeza: kwamba bila Rhodes tusingekuwa na mji, na bila mji tusingekuwa na Kiswahili chetu, kwa hiyo tumshukuru kidogo hata kama kwa shingo upande. Sasa nimeiacha. Rhodes hakuukusudia mji huu wala hakuitaka lugha hii. Walioipa reli maana ni watu waliopandishwa ndani yake bila kuulizwa wanataka kwenda wapi. Hatuwezi kumpa shukrani ya jambo lililotokea kwa sababu mpango wake ulishindwa.

Kwa wenzangu wawili jibu langu ni hili. Msiri ataandikwa, na nitafurahi akiandikwa na ninyi. Lakini kumwandika Rhodes si kumsimamishia sanamu. Wanafunzi wa Cape Town walidai sanamu yake iondolewe chuoni kwao, ikaondolewa tarehe 9 Aprili 2015, na nadhani walifanya vema. Sanamu humwonyesha mtu akiwa mzima peke yake, hakuna aliyemkataa, hakuna mkalimani, hakuna mwenye shimo. Maisha yakisimuliwa yote huwaonyesha na hao wengine.

Nkambo alifariki nikiwa mwaka wa kwanza chuoni. Katika orodha yangu ya maneno ya wazee wa reli nimeliandika pia neno Kairo, kwa sababu kwao lina maana ambayo kamusi haina. Wanaposema treni imekwenda Kairo, wanataka kusema kwamba imeondoka na hakuna anayejua itarudi lini. Mzee mmoja wa Katuba aliniambia kwamba hutumia neno hilo hata kwa mtu aliyekufa. Nimeliweka chini ya herufi K, na kwenye mfano wa matumizi nimemweka yeye, nkambo wangu.